Sura ya 6: Kidonge Kikishamezwa

Mgonjwa wa akili anapoacha dawa, watu wa nyumbani husema ni ukaidi, majirani husema ugonjwa umerudi, na kwenye faili huandikwa kwamba ameshindwa kufuata matibabu. Ukikaa naye ukamuuliza taratibu, mara nyingi utasikia habari nyingine. Shingo ilimkaza. Alishindwa kukaa kwenye benchi la kanisa hata nusu saa. Unyumba ulipoa. Alisinzia shambani mchana kweupe mpaka jembe likamponyoka. Aliyasema hayo nyumbani, akaambiwa avumilie. Aliyasema kliniki siku foleni ilipokuwa ndefu, akaandikiwa dawa ileile. Sura hii inamhusu mtu anayeweza kuigeuza habari hiyo, na katika Nyanda za Juu Kusini mtu huyo karibu siku zote ni muuguzi.

Hesabu ya watu inatosha kuonyesha kwa nini. Kwa sensa ya 2022, Mkoa wa Mbeya una watu 2,343,754 na Mkoa wa Iringa 1,192,728. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache nchini kote, na wengi wao wako kwenye miji mikubwa. Mbeya ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda, inayopokea wagonjwa wa kusini magharibi yote. Iringa ina hospitali ya rufaa ya mkoa, na karibu yake ziko hospitali za misheni kama Tosamaganga, na Ilula ukiwa njiani kwenda Morogoro. Lakini mtu wa Pawaga, wa Kilolo, wa Chunya au wa Busokelo hamwoni daktari bingwa kila mwezi. Anamwona nesi. Nesi ndiye anayefungua faili, anayepima presha, anayechoma sindano. Ndiye anayekumbuka kwamba mwezi uliopita huyu alikuja amechana nywele na leo hakuchana. Tena ndiye anayekutana naye gulioni Jumamosi, wakasalimiana kama watu wengine.

Kwa miaka mingi jibu la mikoa hii lilikuwa Dodoma. Hospitali ya Mirembe ilijengwa miaka ya 1920, wakati wa Waingereza, na kabla yake Wamisionari wa Kijerumani walikuwa na kituo cha wagonjwa wa akili Lutindi, kwenye milima ya Usambara, tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mtu wa Rungwe aliyechanganyikiwa alisafirishwa kilomita mamia mpaka katikati ya nchi, kwa watu wasiojua lugha ya kwao, na waliobaki nyumbani hawakujua lini watamwona tena. Jina la Mirembe likawa tishio la kuwatishia watoto, na mpaka leo wapo watu wanaolitumia kumtukana mwenzao. Kwa kweli siku hizo za mwanzo hospitali haikuwa na dawa ya kutosha kuitwa tiba. Kazi ya muuguzi ilikuwa kulinda, kuogesha, kulisha na kuhakikisha mgonjwa hajiumizi.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1952, pale Jean Delay na Pierre Deniker walipowapa wagonjwa wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, dawa ya klopromazini, ambayo wengi hapa wanaijua kwa jina la Largactil. Mwaka 1958 maabara ya Paul Janssen huko Ubelgiji ikatoa haloperidoli. Zaidi ya miaka 60 baadaye, dawa hizi mbili bado ndizo nguzo ya matibabu ya skizofrenia katika hospitali zetu za umma, kwa sababu ni za bei nafuu na zinafanya kazi. Zimewarudisha watu wengi shambani, darasani na kwenye ndoa zao. Lakini zina gharama mwilini, na gharama hiyo hailipwi na anayeandika dawa. Muuguzi asiyeifahamu vizuri hawezi kumtunza mgonjwa anayezimeza.

Tuanze na lile linalotisha kuliko yote kwa macho. Kijana wa miaka 20 hivi ameanzishiwa haloperidoli juzi. Leo jioni shingo inageuka upande mmoja na haitaki kurudi. Macho yanapanda juu, unaona weupe tu. Taya zinakaza, ulimi unatoka nje, maneno hayaeleweki. Akili yake iko palepale, anasikia kila kinachosemwa na anaamini anakufa. Waliomzunguka wanaona pepo. Mmoja anamkemea kwa jina la Yesu, mwingine anatafuta kamba, mwingine amekwenda kumwita mzee anayejua mambo hayo. Kumbe ni misuli iliyokazwa na dawa. Hutokea hasa siku chache za mwanzo, na vijana wa kiume ndio huipata zaidi. Sindano ya promethazini au ya dawa ya jamii ya benzheksoli huiachia, mara nyingi ndani ya nusu saa hivi, na kijana anakaa kitako na kuomba maji.

Ubaya ni kwamba nusu saa hiyo inahitaji kituo cha afya, na kijana yuko kijijini. Kwa hiyo uuguzi wa kweli wa tatizo hili hufanyika siku mbili kabla, pale dirishani, dawa inapotolewa kwa mara ya kwanza. Muuguzi mzuri hamwachi mtu aondoke bila kumwambia yeye na aliyemsindikiza maneno kama haya: "Mwanangu, siku za mwanzo dawa hii inaweza kukukaza shingo au macho. Siyo kurogwa, wala siyo ugonjwa kuzidi. Mama, ikitokea msimfunge wala msimmwagie maji. Mleteni hapa hata kama ni usiku." Maneno hayo huchukua dakika moja. Familia iliyoyasikia itarudi kituoni, na familia ambayo haikuyasikia itakwenda kwingine, na ukimwambia yule kijana arudie haloperidoli atakuona adui yake.

Lipo jingine lisilotisha kwa macho, lakini naliona baya zaidi kwa sababu linadanganya hata wataalamu. Mgonjwa hawezi kutulia. Anakaa, anasimama, anatembea mpaka mlangoni na kurudi, akisimama anakanyagakanyaga. Usiku anazunguka uani. Ndugu wanaripoti kwamba amechachamaa. Asiyejua anaongeza dozi, na dozi ikiongezwa miguu inazidi kuwaka moto. Wapo wanaofikia kutaka kujiua kwa ajili ya adha hii peke yake. Hapa swali moja la muuguzi linaweza kutenganisha ugonjwa na dawa: "Ni mawazo yanayokukimbiza, au ni miguu inayokataa kutulia?" Mgonjwa wa skizofrenia anaweza kulijibu swali hilo vizuri kabisa. Anajua tofauti. Akisema ni miguu, muuguzi anaandika hivyo kwenye faili kwa herufi zinazosomeka na kumwita daktari, ambaye atapunguza dozi, atabadilisha dawa, au ataongeza propranololi ikiwa mgonjwa hana pumu.

Kutetemeka mikono, mate kuchuruzika, kutembea kwa hatua fupi huku uso umekufa ganzi, hayo huja polepole zaidi, na kijijini huambiwa amekuwa zezeta. Nayo yanatibika kwa kurekebisha dozi au kwa benzheksoli, ile inayoitwa Artane kwenye kliniki nyingi. Lakini Artane isigawiwe ovyo kwa kila mtu daima. Inakausha kinywa, inafunga choo, inachanganya wazee, na wapo vijana wanaoitafuta ili walewe. Na midomo inayotafuna bila chakula baada ya miaka mingi ya dawa ni jambo la kuwahi mapema, kwa sababu likishakomaa huenda lisiondoke.

Mengine hayasemwi kabisa mpaka yaulizwe. Haloperidoli na ndugu zake hupandisha homoni ya maziwa mwilini. Mwanamke anakosa siku zake miezi minne, matiti yanatoa maziwa na hana mtoto. Ukweni wanaanza kuhesabu vidole. Wengine watasema ana mimba ya nje, wengine kwamba amefungwa kizazi. Mwanamume naye anashindwa unyumba, na anaona bora achanganyikiwe akiwa mwanamume kuliko kupona akiwa hivyo. Kijana hatamwambia hayo dada wa umri wake mbele ya foleni, na mama mtu mzima hatamwambia kijana aliyetoka chuo mwaka jana. Inabidi muuguzi ajue nani amuulize nani, afunge mlango, na aanze kwa kulihalalisha jambo lenyewe: "Baba, dawa hizi kwa wanaume wengi hupunguza nguvu. Kwako imekuwaje?" Aliyeulizwa hivyo hujibu. Aliyeulizwa "una tatizo lolote?" husema hana, hushukuru, na mwezi ujao haonekani.

Vivyo hivyo kuhusu umezaji. Muuguzi akiuliza, "Dawa anameza?" jibu ni moja Tanzania nzima: "Anameza, nesi." Ni jibu la adabu. Mwenye uzoefu huuliza namna nyingine: "Watu wengi hupitiwa siku moja mbili. Wiki hii wewe ulikosa siku ngapi?" Kisha anaomba pakiti na kuvihesabu vidonge vilivyobaki, bila kumfanya mgonjwa ajione mshtakiwa. Wodini ni kazi nyingine: kusimama naye mpaka maji yashuke, kumwomba aongee kidogo, kutazama chini ya ulimi na shavuni. Anayeficha kidonge naye ana sababu yake, na sababu hiyo inafaa kuulizwa kabla ya kumkaripia.

Kwa wale ambao kumeza kila siku kumewashinda, ipo sindano ya mwezi, ambayo kwenye hospitali zetu mara nyingi ni flufenazini. Nataka nieleze inavyochomwa, kwa sababu sindano hii ikichomwa vibaya mgonjwa huikimbia moja kwa moja. Dawa imeyeyushwa kwenye mafuta ya ufuta, hivyo kwanza mgonjwa aulizwe kama ufuta humletea vipele au kumbana kifua. Mara ya kwanza hupewa kiasi kidogo kujaribu, kwa kawaida miligramu 12.5, na baadaye 25 kila wiki mbili hadi nne. Mafuta ni mazito, na mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Mbeya na Makete inapouma, huwa mazito zaidi, kwa hiyo chupa ishikwe kiganjani kwanza ipate joto. Sindano iwe pana kidogo na kavu. Ngozi ya tako inavutwa pembeni kabla ya kuchoma, dawa inasukumwa polepole, sindano inabaki ndani sekunde kumi hivi, kisha inatolewa na ngozi inaachiliwa ijifunike. Pasisuguliwe. Mwezi huu tako la kulia, mwezi ujao la kushoto, na upande uandikwe kwenye kadi. Mgonjwa aliyechomwa hivi huinuka akatembea. Aliyechomwa kwa haraka huondoka na uvimbe, na uvimbe huo atawaonyesha wenzake.

Nyanda hizi zina hali yake ya hewa, na dawa hizi zinaihisi. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, watu wanavaa makoti na kusahau kwamba jua la huku ni kali. Klopromazini huifanya ngozi iungue upesi. Mkulima wa viazi Uporoto au wa mahindi Ismani anayeimeza anahitaji kofia pana na shati la mikono mirefu, na anahitaji kuambiwa hivyo na mtu. Dawa hiyohiyo hushusha presha mtu anaposimama. Kuna sababu muuguzi humpima mgonjwa amelala na kisha amesimama: namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, huyo ndiye atakayeanguka usiku akienda choo cha nje. Aelekezwe kukaa kitandani kwanza, kisha kuinuka polepole. Na mwili wa anayemeza dawa hizi hauratibu vizuri joto wala baridi, kwa hiyo aliyelala nje Julai kwa sababu amefukuzwa nyumbani yuko hatarini kuliko mlevi aliyelala jirani yake.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila muuguzi wa zahanati za Kyela, Usangu na Pawaga, huko tambarare kwenye mbu. Mgonjwa anayemeza haloperidoli au dawa za jamii yake akija na homa kali, pimeni malaria kama kawaida, lakini msiishie hapo. Shikeni mkono wake muukunje. Kama umekakamaa, kama anatoka jasho jingi, mapigo yanakimbia na anachanganyikiwa zaidi kuliko jana, inawezekana ni dawa yenyewe imemdhuru. Ni nadra, na inaua. Dawa isimamishwe palepale na mgonjwa akimbizwe hospitali, na barua ya rufaa itaje jina la dawa na siku aliyomeza mara ya mwisho. Kipimo cha malaria chenye mistari miwili hakitoshi kulifuta shaka hilo, kwa sababu sehemu zenye malaria mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Sasa nije kwenye jambo linaloitofautisha mikoa hii na mingine mingi. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa 2016/17 ulikuta Njombe ikiongoza nchi kwa maambukizi ya asilimia 11.4 kwa watu wa miaka 15 na zaidi, Iringa ikifuata kwa asilimia 11.3, na Mbeya ikiwa na asilimia 9.3. Maana yake kwa kliniki ya akili ni nyepesi kuielewa: wagonjwa wengi wana kadi mbili. Jumanne wanakwenda CTC, yaani kliniki ya VVU, kuchukua dawa zao, siku nyingine wanakuja kuchukua dawa za akili, na kwa sababu ya aibu kadi moja hubaki nyumbani.

Dawa hizi huonana mwilini hata kama kadi hazionani. Tangu 2019 Tanzania imehamia kwenye kidonge chenye dolutegraviri. Karbamazepini, inayotolewa kwa kifafa na kwa ugonjwa wa hisia mseto, hulisukuma ini kuiondoa dolutegraviri haraka, ikabaki kidogo kuliko inavyotakiwa. Mgonjwa anameza kwa uaminifu wote na virusi vinapanda. Kuna suluhisho, ama kuongeza miligramu 50 za dolutegraviri saa 12 baadaye, ama kubadilisha karbamazepini, lakini lazima mtu mmoja ajue kwamba zote mbili zinamezwa. Rifampisini ya kifua kikuu nayo hupunguza sana haloperidoli kwenye damu, na mgonjwa aliyekuwa ametulia anaanza tena kusikia sauti wakati anatibiwa TB, kila mtu akishangaa. Efavirenzi, iliyotumika kwa miaka mingi kabla ya dolutegraviri, iliwaletea baadhi ya watu ndoto mbaya na huzuni nzito. Muuguzi ndiye mwenye nafasi ya kusema kwa sauti ya chini, peke yao, "Nionyeshe dawa zote unazomeza, hata za kliniki nyingine. Haitoki hapa." Ningetamani sentensi hiyo ifundishwe kila chuo cha uuguzi, na iwe katika mtihani wa vitendo.

Wanawake wana lao tena. Karbamazepini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya vijiti vya mkononi, wakati sindano ya miezi mitatu huendelea kufanya kazi. Valproeti ikimezwa na mjamzito, takriban mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kilema, na wengine zaidi huchelewa kukua kiakili. Binti wa Mafinga mwenye kifafa anayepewa valproeti bila kuulizwa kama anatarajia kuzaa amenyimwa haki yake.

Pombe siwezi kuiruka. Msimu wa mvua ulanzi unapotoka kwa wingi Iringa na Njombe, mianzi inagemwa asubuhi na jioni, na kukataa kikombe ni kumkataa aliyekupa. Mgonjwa anayemeza diazepamu au fenobabitoni akinywa kupita kiasi anaweza kulala asiamke. Wengine, wakiogopa kuchanganya, huacha dawa siku za kunywa, yaani huacha msimu mzima. Kumhubiria hakumsaidii. Akiulizwa bila hukumu ataeleza anakunywa kiasi gani, na hapo mnaweza kupanga: apunguze, asinywe usiku kabla ya kidonge, na kwa vyovyote asikiruke kidonge ili anywe. Na asinunue diklofenaki au dawa ya usingizi duka la dawa muhimu bila kutaja dawa anazotumia. Maduka hayo, yaliyoanza kama majaribio Ruvuma mwaka 2003, yameokoa wengi vijijini, lakini muuzaji hawezi kujua asichoambiwa. Kwa anayetumia lithiamu, diklofenaki ya siku chache tu inaweza kuipandisha kwenye damu mpaka ikawa sumu, na kuhara nako kunaweza kufanya hivyo.

Kuhusu waganga, msimamo wangu ni kwamba muuguzi asipigane nao mbele ya mgonjwa. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Robert Edgerton, alifanya utafiti kwa Wahehe miaka ya 1960, na mwaka 1971 akachapisha makala kuhusu mganga mmoja wa eneo la Iringa aliyetibu wagonjwa wa akili. Alimchukulia kwa uzito, kama mtu anayechunguza, anayejaribu mitishamba na kuona matokeo. Familia iliyokwisha kumlipa mganga mbuzi haitamwacha kwa sababu nesi amecheka. Lakini itakubali ikiambiwa, "Endeleeni na maombi yenu na mambo yenu, ila vidonge visikatishwe, asifungwe minyororo, asinyimwe chakula, na asinyweshwe mitishamba bila sisi kujua." Mwaka 2011, wakati nchi nzima ilipokuwa ikienda Loliondo kunywa kikombe cha mitishamba, wapo waliotupa dawa zao za kila siku wakiamini wamepona. Matokeo yalionekana kwenye wodi. Anayetaka kuombewa aombewe. Sharti langu ni hilo moja, dawa isitupwe.

Nguvu hutumika pia hospitalini. Mgonjwa aliyeletwa amefungwa kamba kwenye bodaboda, anapigana na kila mtu, wakati mwingine hana budi kuchomwa sindano asiyoitaka, na Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inatoa utaratibu wa kumlaza mtu bila ridhaa yake. Sindano ikishaingia, kazi ya uuguzi ndiyo inaanza. Kamba zifunguliwe. Alazwe ubavu, asilazwe kifudifudi. Pumzi, mapigo, presha na joto vipimwe mara kwa mara katika saa ya kwanza na viandikwe, kwa sababu mwili uliochoka, wenye njaa na uliojaa dawa unaweza kuacha kupumua kimya kimya. Akiamka, aelezwe alichopewa na kwa nini, aombwe radhi kwa kushikwa, apewe uji. Wagonjwa hukumbuka siku hiyo miaka yote. Wengi huamua kuamini au kutoamini hospitali kutokana na yaliyotokea saa hizo.

Yote haya ni bure kama dirisha la dawa ni tupu. Kwa sera ya nchi, magonjwa ya akili yamo katika makundi yanayosamehewa malipo kwenye vituo vya umma. Bohari ya Dawa ina kanda yake Mbeya na nyingine Iringa. Hata hivyo, mama aliyetoka Kilolo na mwanawe alfajiri, barabara ikiwa tope, huweza kufika na kuambiwa dawa imekwisha, akanunue nje. Kununua nje ni kuuza kuku, kisha debe la mahindi, kisha kuacha. Hapo muuguzi hana kosa, ila ana kazi: kuagiza mapema kwa kuhesabu wagonjwa alionao kwenye rejista badala ya kukisia, kumpa mgonjwa wa mbali dawa ya miezi miwili pale inapowezekana na pasipo hofu ya kujidhuru, na kupiga simu kwa asiyekuja siku yake. Amitriptilini, inayotibu sonona, huua ikimezwa nyingi kwa pamoja. Kwa anayewaza kufa hiyo itolewe ya siku chache tu na itunzwe na ndugu.

Ufuatiliaji wa namna hii unawezekana hata pasipo na mali. Mahenge, upande wa pili wa bonde la Kilombero, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa karibu na 1960, kwa dawa rahisi ya fenobabitoni, kwa watu waliokuwa wametengwa na kuogopwa. Wengi wao degedege zilipungua au zikaisha. Dawa ilikuwa ya kawaida kabisa. Kilichowasaidia ni kwamba iliendelea kuwepo na kulikuwa na mtu wa kuwatazama.

Kwa halmashauri za Mbeya na Iringa, ombi langu ni hili: kila kituo cha afya kiwe na muuguzi mmoja aliyepewa mafunzo ya afya ya akili na asihamishwe kila anapozoea wagonjwa wake, na promethazini ya sindano isikosekane kwenye kabati lake. Kwa wewe msomaji mwenye ndugu anayemeza dawa hizi, usimpunguzie wala kumwachisha kwa siri, hata kama ameonekana mzima mwaka mzima. Mwulize mwili wake unasemaje. Andika anachokujibu kwenye karatasi, kwa maneno yake mwenyewe, na siku ya kliniki mpe muuguzi karatasi hiyo mkononi, umwombe aisome kabla dawa haijaandikwa.